Kongosho Liungwe na Utumbo au na Mfuko wa Chakula?

Ujumbe wa sauti wa kaka uliingia saa nne usiku. Kama kawaida yake ulianza kwa kuuliza hali ya kila mtu nyumbani, mpaka paka, ndipo akafika kwenye shauri lenyewe. Baba mkubwa alikuwa ameingia wiki ya nne tangu apasuliwe. Alikuwa amesharudi Ujiji kutoka hospitali ya rufaa nje ya mkoa, anakunywa uji na kujikongoja mpaka msikitini, ila ubavuni bado alikuwa na mpira unaochuruzisha maji kwenye mfuko mdogo wa plastiki. "Mdogo wangu," kaka akasema, "huku Ubelgiji wameshafanya utafiti. Kongosho likiungwa na mfuko wa chakula halivuji hovyo. Nimesoma mwenyewe. Sasa mzee kwa nini wamemuunga na utumbo? Huko hawajui, au vifaa hakuna?"

Mimi ni tabibu, si mpasuaji. Katika ukoo wetu hilo halina tofauti: mtu wa hospitali ni mtu wa hospitali, awe anafunga vidonda au anapandikiza figo. Nikaichukua karatasi ya kuruhusiwa ya baba mkubwa, yenye mwandiko wa haraka na vifupisho vya Kiingereza, nikakaa nayo. Jibu lilinichukua siku kadhaa, kwa sababu alichosoma kaka ni kweli kabisa, na hukumu aliyoitoa bado haikuwa sahihi. Haya mnayosoma ndiyo majibu niliyomtumia, nimeyarefusha kwa ajili ya wasiokuwa na kaka Ubelgiji.

Kilichokatwa na kilichobaki

Weka kiganja cha mkono wa kulia juu kidogo ya kitovu, vidole vikielekea kushoto. Nyuma kabisa ya hapo, karibu na uti wa mgongo, ndipo kongosho lilipolala. Lina urefu wa kama sentimita 15. Kichwa chake, upande wa kulia, kimekumbatiwa na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Mkia wake unaishia karibu na wengu. Mrija wa nyongo unaotoka kwenye ini hupenya kichwani humo kabla ya kufungukia utumboni. Ndiyo maana uvimbe mdogo tu mahali pale humfanya mtu awe na macho ya njano, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi na kinyesi cheupe kama udongo, halafu mwili mzima unamuwasha hata usingizi haupati. Kwa baba mkubwa uvimbe ulikuwa kwenye ncha ya chini ya mrija wa nyongo. Kongosho lenyewe lilikuwa zima. Liwekeni hilo akilini, maana kesi nzima itageukia hapo.

Uvimbe wa mahali pale hautolewi peke yake. Kichwa cha kongosho na utumbo unaokikumbatia hunywa damu kutoka mishipa ileile. Ukitoa kimoja, kingine kinakufa. Kwa hiyo hutolewa vyote pamoja: kichwa cha kongosho, utumbo ule wa mwanzo, kifuko cha nyongo, kipande cha chini cha mrija wa nyongo, na mara nyingi ncha ya mfuko wa chakula. Operesheni hii inaitwa kwa jina la Allen Whipple, mpasuaji wa New York aliyeitangaza mwaka 1935, ingawa Walther Kausch wa Berlin alikuwa amefanya ya namna hiyo tangu 1909. Huchukua saa nyingi, mara nyingi kati ya nne na nane.

Kukata ni nusu ya kazi. Baada yake zinabaki ncha tatu zinazoning'inia: kongosho lililobaki, mrija wa nyongo na mfuko wa chakula. Kwa njia iliyozoeleka, mpasuaji anauvuta juu utumbo mwembamba na kuziunga zote tatu kwenye kitanzi kimoja. Kongosho linatangulia, nyongo inafuata sentimita kadhaa mbele yake, na mfuko wa chakula unaungwa mbali zaidi, kama sentimita 40 au 50 kutoka hapo.

Kiungo cha nyongo, yaani pale iliposhonwa na utumbo, na kile cha mfuko wa chakula huvuja mara chache. Kinachowakosesha wapasuaji usingizi ni kile cha kwanza. Baba mkubwa ni fundi mitumbwi, amefanya kazi hiyo Kibirizi tangu mimi sijazaliwa, na aliponiuliza kwa nini kiungo kimoja kiwe na shida kuliko vingine nilimjibu kwa lugha yake: fikiria umepewa ubao laini kama siagi iliyoganda, hauwezi kushika msumari, katikati yake kuna tundu la kupitishia maji, jembamba kama kijiti cha kiberiti, na maji yenyewe yanayopita humo yanakula mbao. Akanitazama. "Huo si mtumbwi," akasema, "hiyo ni adhabu."

Na ndivyo ilivyo. Kongosho zima halina ganda gumu la kushika uzi. Ukikaza kidogo tu, uzi unakata nyama kama waya unavyokata sabuni. Mrija wake mkuu, kwa mtu ambaye mrija huo haujazibwa, una upana wa milimita mbili au tatu. Na kila siku tezi hii hutoa kama lita moja na nusu ya maji yenye vimeng'enya vya kuyeyusha nyama, wanga na mafuta. Vile vya kuyeyusha nyama hutoka vikiwa vimelala, vikaamshwa na kimeng'enya kingine kilichomo kwenye ukuta wa utumbo. Vikishaamka havibagui nyama ya mbuzi na nyama ya mwenyewe. Whipple aliyaonja haya mapema. Mgonjwa wake wa kwanza alishonwa kwa nyuzi zinazotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, mishono ikayeyuka, mgonjwa akafa. Baada ya hapo alishona kwa hariri. Katika operesheni za mwanzo zilizofuata hata hakuliunga kongosho na kitu chochote; aliliziba na kuliacha humo.

Milango miwili

Tangu walipoacha kuliziba, kumekuwa na milango miwili. Wa kwanza ni utumbo mwembamba, ndio aliopewa baba mkubwa. Wa pili ni ukuta wa nyuma wa mfuko wa chakula, ambao wapasuaji wa Marekani waliuelezea mwaka 1946.

Ukisikia hoja za watu wa mfuko wa chakula, unaweza kudhani kesi imekwisha. Mfuko umelalia kongosho, hauhitaji kuvutwa kutoka mbali. Ukuta wake ni mnene na una damu nyingi, hivyo unapona vizuri. Ndani yake kuna asidi, na hakuna kile kimeng'enya cha kuamsha wenzake, kwa hiyo maji ya kongosho yanaingia yakiwa bado usingizini. Kiungo kikileta shida, mpira unaopitishwa puani unaweza kuufyonza mfuko ukabaki mtupu, na kamera inayopitishwa mdomoni inakifikia kwa urahisi kuliko kilichojificha mbali utumboni.

Watu wa utumbo nao wana yao. Kongosho lililokatwa likichomekwa ndani ya mfuko wa chakula, uso wake uliokatwa unabaki wazi ndani ya asidi, na hapo panaweza kutoka damu. Halafu miezi inavyokwenda, utando wa mfuko unaweza kufunika kinywa cha mrija, maji yasipite tena. Na asidi ileile inayolaza vimeng'enya mwanzoni ndiyo inayoviharibu baadaye, wakati mgonjwa anavihitaji kusaga chakula.

Ndani ya kila mlango kuna ubishi mwingine juu ya namna ya kushona. Wako wanaotoboa tundu dogo kwenye utumbo, sawa na mrija wa kongosho, wakashona mdomo kwa mdomo: mrija kwa utando laini wa ndani, nyuzi nyembamba kama nywele, wengi wakiwa wamevaa miwani ya kukuza. Wako wanaochomeka kisiki chote cha kongosho ndani ya utumbo kama fundi anavyoingiza bomba ndani ya bomba kubwa zaidi, kisha wakashona kwa nje. Wengine hutumia mshono uliobeba jina la Leslie Blumgart, ambapo sindano inapita kongosho zima kutoka mbele hadi nyuma na kurudi, kama anavyofanya fundi magodoro, ili utumbo ulikumbatie kongosho na uzi usikate nyama. Baba mkubwa, kwa mujibu wa karatasi yake, alishonwa mdomo kwa mdomo, juu yake ukapigwa huo wa godoro.

Alichosoma kaka

Utafiti wa Ubelgiji upo, na ni mzuri. Ulitangazwa mwaka 2013, ukihusisha wagonjwa 329 waliogawanywa kwa kura: hawa utumbo, hawa mfuko wa chakula. Uvujaji wa kuhitaji matibabu ulikuwa asilimia 19.8 kwa walioungwa na utumbo na asilimia 8.0 kwa walioungwa na mfuko. Kwa tarakimu kama hizo, hata mimi ningemtumia ndugu yangu ujumbe saa nne usiku.

Ila miaka mitatu baadaye Wajerumani walitoa wa kwao, wagonjwa 320, kura vilevile, milango ileile miwili. Utumbo asilimia 22, mfuko wa chakula asilimia 20. Tofauti imeyeyuka.

Ziweke tarakimu hizo nne sambamba uzitazame tena. Kiungo cha utumbo kilivuja karibu sawa katika nchi zote mbili: mmoja kati ya watano. Kilichobadilika ni kile cha mfuko wa chakula, kutoka 8 hadi 20. Mfuko wa chakula wa Mjerumani hauna ubaya kuuzidi wa Mbelgiji. Kilichotofautiana ni mikono iliyoshona, mazoea yake, na wagonjwa waliofika mbele yake. Hii ni hukumu yangu na simlazimishi mtu, lakini naona ndiyo njia nyepesi ya kuzisoma tarakimu hizo. Hata utafiti wa Baltimore wa mwaka 1995, wagonjwa 145, ambao ulikuta milango yote miwili inavuja sawa, asilimia 12.3 kwa mfuko na 11.1 kwa utumbo, uligundua kuwa wagonjwa wa wapasuaji wanaofanya operesheni hii mara nyingi walivuja kidogo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 1,629 kwa jumla, wakayapima pamoja, wasione mlango unaoushinda mwenzake waziwazi.

Ubishi wa kushona nao una sura hiyohiyo. Jaribio moja la Marekani la mwaka 2009, wagonjwa 197, lilikuta mdomo kwa mdomo unavuja asilimia 24 na kuchomeka asilimia 12, wakati wengi walitegemea kinyume chake. Wachina walileta mwaka 2007 mtindo wa kuchomeka kongosho halafu kulifunga kwa uzi kwa nje kama mdomo wa gunia. Katika jaribio lao la wagonjwa 217 hakuvuja hata mmoja kwenye kundi hilo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Walioujaribu kwingine hawakuiona hiyo sifuri.

Kopo la nani?

Hapa kuna jambo ambalo mtu anayesoma matokeo bila kujua historia yake hawezi kuliona. Ukienda Kibirizi asubuhi boti za dagaa zinapoingia, utasikia bei ya kopo. Ukifika soko la Mwanga unasikia bei nyingine ya kopo. Kabla hujamwita mtu mwizi, muulize kopo gani: limejaa mpaka mdomoni au limerundikwa kilima, lina kitako kizima au kimebonyezwa kwa ndani.

"Kuvuja" kulikuwa hivyo kwa miaka mingi. Kila hospitali ilikuwa na kopo lake. Mmoja anahesabu kuanzia siku ya tatu, mwingine siku ya kumi. Mmoja anataka mililita 10 kwa siku, mwingine 50. Mwaka 2004 wapasuaji wa Verona walichukua wagonjwa wao 242, walewale, wakawapima kwa maana nne tofauti zilizokuwa zikitumika. Idadi ya waliovuja ilitoka karibu asilimia 10 mpaka karibu asilimia 29. Mtu hakushonwa upya, wala uzi haukubadilishwa. Kilichobadilika ni kopo.

Mwaka uliofuata wataalamu wa nchi mbalimbali wakakubaliana kopo moja, wakalirekebisha tena 2016. Mgonjwa anabaki na mpira wa kutolea maji tumboni. Kuanzia siku ya tatu maji hayo yanapimwa kimeng'enya kiitwacho amilezi, na kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, kuna maji ya kongosho yanayopita pasipo njia yake. Kama mgonjwa hana shida yoyote na matibabu hayabadiliki, huo ni uvujaji wa maabara tu, hauitwi tena fistula. Ikibidi mpira ukae zaidi ya wiki tatu, au jipu litobolewe kwa sindano, au damu izibwe kupitia mshipa, hiyo ni daraja B. Ikimrudisha mezani, ikaangusha figo au mapafu, au ikamuua, ni daraja C.

Neno fistula hapa kwetu huwapeleka watu moja kwa moja kwa kina mama walioumia katika uzazi. Shangazi alipolisikia alishika mdomo. Nikamweleza kwamba neno ni lilelile, maana yake njia iliyojitoboa mahali pasipostahili, ila mahali penyewe ni pengine.

Baba mkubwa, basi, alikuwa daraja B, kwa sababu moja: mpira ulipita wiki tatu. Hakuwa na homa. Alikuwa anakula. Kila asubuhi nilikuwa nafyonza kilichomo kwenye mfuko kwa bomba la sindano na kuandika kwenye daftari la shule: 60, 55, 60, 40, 45, 30. Maji yenyewe yalikuwa meupe yenye ukungu, kama maji ya kuoshea mchele mara ya pili, na pale yalipopata ngozi kando ya mpira palikuwa pekundu na kuchonyota, tukawa tunapaka mafuta mazito ya zinki. Kaka alikuwa anaona mfuko ule kwenye video na kuona operesheni iliyoharibika. Mimi nilikuwa naona 60 inayokwenda 30.

Laini na ngumu

Tulirudie sasa lile nililowaomba mliweke. Kwenye ile karatasi, chini ya maelezo ya kiungo, mpasuaji alikuwa ameandika mambo mawili ambayo kaka asingeyajali: kongosho ni laini, mrija ni milimita 2.

Uvimbe ukiota ndani ya kichwa cha kongosho, huziba mrija wake polepole. Maji yanakosa pa kwenda, mrija unatanuka mpaka milimita tano, sita au zaidi, na tezi yenyewe inakauka na kukakamaa kama kovu. Kwa mpasuaji huo ni ubao mzuri: unashika uzi, tundu ni kubwa, na maji yanayotoka ni machache. Lakini kwa mtu kama baba mkubwa, ambaye uvimbe wake uliziba nyongo tu, kongosho halikujua kuna vita. Lilibaki laini, na mrija mwembamba, likiendelea kumwaga vimeng'enya kwa nguvu zote. Ni kichekesho kibaya cha operesheni hii kwamba kongosho lenye saratani yenyewe, lenye mustakabali mgumu zaidi, ndilo linaloshonwa kwa raha.

Ule utafiti wa Marekani wa 2009 nilioutaja juu, uliobishania mdomo kwa mdomo na kuchomeka, uliwagawa wagonjwa kwa ugumu wa kongosho pia. Waliokuwa na kongosho gumu walivuja asilimia 8. Wenye laini, asilimia 27. Pengo hilo linalipita lile la mitindo miwili ya kushona iliyokuwa inashindanishwa! Ndiyo maana siku hizi wapasuaji hupiga hesabu ya hatari pale pale mezani, kwa mambo manne: ulaini wa tezi, upana wa mrija, aina ya ugonjwa, na damu iliyopotea. Mlango haumo katika hesabu hiyo.

Hivyo nilimwambia kaka: wangemuunga mzee na mfuko wa chakula, angekuwa bado na kongosho laini na mrija wa milimita 2. Huenda asingevuja. Huenda angevuja na kutapika damu juu yake. Timu iliyomfanyia huunga na utumbo siku zote, na mpasuaji anayebadilisha mtindo wake kwa ajili ya mgonjwa mmoja kwa sababu ya makala moja, huyo mimi namwogopa zaidi.

Mengine yaliyojaribiwa nitayapitia haraka. Kulipatia kongosho kitanzi chake peke yake cha utumbo, mbali na nyongo, kunaleta mantiki ukichora kwenye karatasi, ila katika majaribio hakujapunguza uvujaji. Kunaongeza kiungo kimoja zaidi na muda mezani. Mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa kwenye kiungo na kutokea nje ya tumbo una ushahidi kiasi: jaribio la Hong Kong la 2007 lenye wagonjwa 120 lilikuta asilimia 6.7 dhidi ya 20. Kuhusu mfuko wa chakula upite mbele au nyuma ya utumbo mpana, ili mgonjwa asikae wiki mbili chakula hakishuki, Wajapani walipata tofauti kubwa kwa wagonjwa 40, Waholanzi wakawachukua 246 wasiione. Unaanza kuuzoea wimbo huu.

Kinachostahili macho ya ndugu

Familia zetu zikishamrudisha mgonjwa huuliza mengi kuhusu alivyoshonwa, ambayo hayabadiliki tena, na machache kuhusu kinachoweza kumwua wiki hiyo. Nilimwonyesha mke mdogo wa baba mkubwa mambo ya kutazama, kwa sababu mimi mchana niko kazini Mwandiga.

La kwanza ni damu. Maji ya kongosho yakilowesha mishipa mikubwa iliyo jirani, yanaweza kuulainisha ukuta wake mpaka upasuke, na hilo hutokea hata wiki kadhaa baada ya mtu kuonekana amepona. Mara nyingi hutangulia dalili ndogo: vijiko viwili vya damu kwenye mfuko, au choo cheusi kama lami, kisha kunatulia. Watu hushukuru kwamba imekata. Haijakata, imebisha hodi. Huo ndio wakati wa kukimbia, na kwa mtu wa Kigoma kukimbia maana yake ni kumpigia mpasuaji simu saa hiyohiyo na kuanza utaratibu wa rufaa usiku huo, kwa sababu huduma ya kuziba mshipa kutokea ndani iko mbali na sisi. Homa ya kutetemeka ni la pili. La tatu ni mpira uliokuwa unatoa mililita 40 ukakauka ghafla huku tumbo likiuma. Mpira unaopona hupungua pole pole, unaokauka kwa siku moja pengine umeziba au umetoka mahali pake, na maji yanajikusanya ndani.

Halafu chakula. Baba mkubwa alipopata hamu ya kula aliomba alichokikosa miezi mitatu: migebuka iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Akala vizuri. Kesho yake akaniita chooni kwa aibu kidogo: kinyesi kinaelea, kina mafuta juu kama mchuzi uliopoa, na harufu haivumiliki. Ni mafuta yanayopita bila kusagwa. Kongosho limebaki nusu, na lililobaki linachuruzisha sehemu ya mali yake nje. Dawa yake ni vidonge vya vimeng'enya, vinavyomezwa pamoja na matonge ya kwanza na vingine katikati ya mlo. Ukivimeza kabla hujala au ukishanawa mikono, umepoteza pesa. Sukari nayo ipimwe, maana kongosho ndilo linalotengeneza insulini, na wengine huamkia kisukari.

Vidonge hivyo vina jambo ambalo mwandika dawa asiwe mvivu kulisema, hasa Ujiji. Vimeng'enya vyake hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Nilimweleza baba mkubwa kabla hajavitia mdomoni, nikamwambia ni vya nini na kwamba sina mbadala wa kumpa. Alikaa kimya muda mrefu. Akaenda kwa sheikh wake baada ya swala ya alasiri, wakazungumza wao wawili, akarudi akasema amepewa ruhusa kwa dharura. Akavimeza, mawese tukayapunguza, choo kikashika umbo.

Daftari likaendelea: 25, 20, 20, 10, 10, 5. Wiki ya sita nilimpigia mpasuaji, nikamsomea tarakimu. Akaagiza ipigwe ultrasaundi kuhakikisha hakuna dimbwi ndani, kisha mpira uvutwe kidogo kidogo kwa siku tatu, njia ijifunge nyuma yake. Ulipotoka wote, pale ubavuni palibaki tundu la kupitisha kalamu. Siku ya tano palikuwa pamekauka. Baba mkubwa alikuwa anapagusa kwa kidole gumba, kama anavyogusa ubao aliokwisha kuukalafati, kuona kama unalia maji.

Jioni ile nikamchezea mzee majibu yangu yote niliyomtumia kaka, dakika kumi na moja za sauti, tukiwa tumekaa nje. Alisikiliza mpaka mwisho, Ubelgiji, Ujerumani, makopo, milimita mbili. Kaka alikuwa ameshajibu kwa maneno mafupi: amenielewa, ila bado anadhani mfuko wa chakula ungekuwa bora, na je, kuna kitu mzee anahitaji kutoka huko?

Baba mkubwa akaichukua simu, akaisogeza karibu na mdomo kama wazee wanavyofanya.

"Mwanangu, nipo salama, alhamdulillahi. Niulizie kitu kimoja tu. Hivyo vidonge, huko kwenu hawajavitengeneza vya ng'ombe?"